Gasketi, ringi au pampu tu? Vipimo vya injini iliyochoka, kimoja kando ya kingine

RAV4 yangu ni ya 2002, injini 1ZZ-FE, cc 1,794. Mwaka jana ilichemsha Kitonga nikielekea Iringa, kwenye zile kona ambazo malori hupanda kwa gia ya kwanza na hakuna pa kusimama. Nilijikongoja mpaka juu, nikazima, nikakaa kando ya barabara karibu saa nzima kabla ya kuthubutu kugusa mfuniko wa rejeta. Iliingia lita mbili na nusu za maji.

Siku nne baadaye nilikuwa na hukumu mbili mkononi. Fundi wa kwanza alifungua mfuniko wa oili, akaona ute mweupe, akasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Wa pili aliangalia moshi wa asubuhi na doa jeusi chini ya gari, akasema, "Bosi, hii imeshakwisha. Tafuta injini ya mtumba, nakufungia kwa siku mbili." Hakuna kati yao aliyeshika geji. Bei ya kazi ya wa pili ilikuwa zaidi ya mara nne ya kazi ya wa kwanza, na wote wawili walisema kwa uhakika uleule.

Wa tatu, wa Msamvu, Morogoro, alianza kwa kuniuliza maji yanapungua kiasi gani kwa wiki na oili kiasi gani kwa kilomita 1,000. Sikujua. Akanirudisha nyumbani na daftari. Baada ya siku kumi nilikuwa na jibu: maji karibu nusu lita kwa wiki, oili lita moja kasoro kidogo kwa kilomita 1,000. Hapo ndipo tulipoanza kupima.

Gasketi na ringi

Gasketi ya hedi ikifa, kitu kinapita kisipopaswa kupita. Gesi ya silinda inaingia kwenye maji, au maji yanaingia silinda, au maji na oili vinakutana, au silinda mbili jirani zinapeana pumzi. Hizo ni njia nne za ndani, kila moja na dalili zake, ndiyo maana mtu anaweza kuwa na gasketi mbovu huku oili yake ni safi kama ya dukani. Ringi, zile pete za kuizunguka pistoni, zikichoka njia ni moja tu: gesi inapenya kushuka kwenye sampu, bakuli la oili la chini, na oili inapanda kuungua.

Kwa hiyo moshi unasaidia, ila usiupe mamlaka makubwa. Mweupe mzito, wenye harufu tamutamu, unaoendelea hata injini ikiwa ya moto: hayo ni maji yenye kulanti, ile dawa ya rangi ya rejeta, yanaungua. Mweupe wa asubuhi unaopotea baada ya dakika chache ni umande wa ekzosi, usikunyime usingizi. Wa bluu ni oili, na hapa ndipo watu wanapofukuzia ringi wakati kosa ni la sili za vali. Sili hizo, raba za kuzuia oili isishuke kwenye vali, zikiwa ngumu, oili inachuruzika usiku, asubuhi linatoka wingu moja la bluu kisha basi. Au unashuka mlima mrefu bila kukanyaga mafuta, ukifika chini ukakanyaga, wingu linatoka nyuma. Ringi zenyewe hutoa moshi injini ikibeba mzigo, unapopandisha au unapolipita lori, na hazisubiri asubuhi.

Ute mweupe chini ya mfuniko wa oili ndio ulionichongea kwa fundi wa kwanza. Mimi huendesha safari fupi sana, nyumbani kwenda kazini ni kilomita tatu. Injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu ndani, na unyevu huo hugandia mahali pa baridi kuliko pote, yaani huko juu kwenye mfuniko. Wenzetu wa Njombe na Mbeya wanaufahamu huu ute vizuri. Chomoa kijiti cha oili. Kama oili ya kwenye kijiti ni kahawia ya kawaida na kiwango hakijapanda, ute wa mfunikoni peke yake haujathibitisha kitu. Kama kijiti nacho kimetoka na rangi ya chai ya maziwa, zima gari papo hapo na uliite la kuvuta, kwa sababu oili ya namna hiyo inakula beringi.

Dalili moja ya gasketi naipenda kwa sababu haihitaji kifaa. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, washa, subiri dakika moja au mbili, kisha minya hozi ya juu ya rejeta. Bado ni baridi lakini imekaza kama tairi? Joto halijapata muda wa kuleta presha hiyo. Imetoka kwenye silinda.

Kupiga presha rejeta dhidi ya dawa ya bluu

Hivi viwili watu huvichanganya kwa sababu vyote vinafanyika mdomoni mwa rejeta, lakini vinajibu maswali tofauti.

Kupiga presha ni pampu ya mkono yenye geji, inafungwa mahali pa mfuniko, injini ikiwa baridi. Unapandisha mpaka namba iliyoandikwa kwenye mfuniko wako, kwa kawaida 0.9 au 1.1, halafu unasubiri dakika kumi mpaka kumi na tano ukiangalia sindano. Yangu ilishuka taratibu kutoka 1.0 hadi 0.7. Chini hakuna tone. Fundi akachukua tochi na kioo kidogo cha kunyolea, akakipenyeza upande wa mikanda, akaniita. Kwenye kioo niliona tundu dogo chini ya pampu ya maji, na kutoka kwenye tundu hilo mchirizi mkavu wa pinki kama ganda la chumvi. Sili ya pampu ilikuwa inapitisha kidogokidogo, na kila tone lilikauka kwenye chuma cha moto kabla ya kufika chini. Nusu lita kwa wiki ilikuwa inaondoka hivyo.

Udhaifu wa kipimo hiki ni kwamba presha ya pampu ya mkono ni ndogo sana ukilinganisha na mlipuko wa ndani ya silinda. Gasketi inaweza kushikilia psi 15 (karibu sawa na 1.0 ya kwenye mfuniko) bila shida, kisha ikapitisha gesi gari linapobeba mzigo. Kwa hiyo presha inakwambia maji yanatoka au hayatoki. Gesi inaingia au haiingii ni swali la dawa.

Dawa ni ya bluu, inawekwa kwenye bomba la kioo juu ya mdomo wa rejeta, injini inanguruma, na hewa ya juu ya maji inavutwa kupita ndani ya dawa. Kama kuna gesi iliyoungua, dawa inageuka manjano. Ni rahisi, na kwa pesa ni nafuu. Lakini ina njia mbili za kukudanganya. Maji ya rejeta yakifyonzwa yakaigusa dawa, rangi inaharibika bila sababu, kwa hiyo punguza maji kwanza, yashuke sentimita chache chini ya mdomo. Na ukipima gari likiwa limesimama kwa sailensa, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta, ilhali huchemsha mlimani tu, unaweza kuambiwa ni zima wakati siyo. Yetu tuliipima mara mbili, mara ya pili baada ya kupanda mlima na watu wanne ndani. Ilibaki bluu.

Na kile kimfuniko cha rejeta kisisahaulike. Mfuniko mzuri wa 1.1 unapandisha kiwango cha kuchemka kwa maji mpaka kama nyuzi 120. Mfuniko uliolegea unakurudisha kwenye maji ya sufuria, na maji ya sufuria Iringa mjini, mita kama 1,500 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kitu cha bei ya soda chache kinaweza kukufanya ufumue hedi.

Kompresheni dhidi ya kipimo cha upepo

Hapa ndipo penye nyama, na hapa ndipo ningekushauri utumie pesa yako kama unayo ya kipimo kimoja tu cha ziada.

Kompresheni, yaani silinda inavyobana hewa, kila gereji yenye hadhi inayo geji yake. Plagi zote nje, injini imepata moto, betri nzima, mafuta na koili (zinazowasha plagi) vimekatwa umeme, na mguu umekanyaga mafuta mpaka chini ili hewa iingie. Fundi akipima huku kanyagio limeachwa, namba zote zitashuka, na injini nzima inazikwa hai. Nimeona hili kwa macho yangu kwenye gari la jirani.

Kitabu cha Toyota cha 1ZZ-FE kinasema psi 189 kwa injini yenye afya, 145 ndiyo kima cha chini, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 15. Zangu zilisoma 165, 160, 118, 163. Kwa injini iliyozunguka kilomita zaidi ya laki mbili, tatu kati ya hizo ni za kumshukuru Mungu. Ya tatu ndiyo kesi.

Kisha kikafuata kipimo cha pili, kile cha kumwaga kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na kupima tena. Oili inaziba mwanya wa ringi kwa muda. Namba ikipanda, ringi ndizo mbovu. Ikibaki palepale, tafuta vali au gasketi. Yangu ilipanda hadi 150. Fundi hakusema kitu, aliandika tu kwenye boneti kwa chaki.

Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, mathalani 2 na 3 zote kwenye 90, na oili haizipandishi, hapo gasketi imeungua katikati yao. Ni mchoro unaotambulika haraka.

Kipimo cha upepo kinaenda hatua moja mbele. Unaipandisha pistoni mpaka juu kabisa vali zote zikiwa zimefunga, unaingiza upepo wa kompresa, tuseme psi 100, na geji ya pili inaonyesha kiasi gani kimebaki. Ukipoteza chini ya asilimia 10, injini ni nzima. Kati ya 10 na 20 imechoka lakini inafanya kazi. Ikipita 30, kuna jambo. Uzuri wake si namba, ni masikio. Upepo ukisikika kwenye njia ya hewa ya kuingilia, vali ya kuingiza haikai sawa. Kwenye ekzosi, vali ya kutoa. Kwenye tundu la kujazia oili, ringi. Mapovu kwenye rejeta, gasketi au hedi iliyopasuka. Kwenye tundu la plagi la jirani, gasketi katikati ya silinda.

Silinda yangu ya tatu ilipumua kwenye tundu la oili, kama mtu aliyelala. Kwenye rejeta maji yalitulia. Tukazima kompresa na kesi ya gasketi ikafungwa.

Ukilinganisha: kompresheni ni ya haraka, ya bei ndogo, inakuonyesha silinda ipi. Upepo unachukua muda, unahitaji kompresa na mtu mvumilivu wa kutafuta kilele cha pistoni, lakini unakuonyesha kitu kipi. Anza na ya kwanza. Kama silinda zote zimesoma vizuri na karibu sawa, ya pili huihitaji, labda kama dawa ya bluu imegeuka manjano.

Mashine ya kompyuta nimeiacha mwisho makusudi. Ilinipa P0303, yaani silinda ya tatu inamisi, hailipui sawasawa. Ilikuwa sahihi, lakini koili mbovu ingetoa namba hiyohiyo. Kompyuta haioni ringi.

Kama inagonga

Yangu haikuwa inagonga, kwa hiyo hapa nitapita haraka. Injini yenye mlio mzito wa chini unaokua ukikanyaga isikimbiliwe na kompresheni. Fungua sensa ya oili, funga geji ya kweli. Toyota inataka angalau psi 4.3 kwenye sailensa na 43 hadi 78 kwenye mizunguko 3,000, injini ikiwa ya moto. Kisha kata umeme wa koili moja baada ya nyingine: mlio ukipungua ghafla kwenye silinda fulani, beringi ya konrodi, mkono unaoshika pistoni, ya hapo imekwisha. Na ile filta kuukuu usiitupe. Ikate, kunjua karatasi yake juani, pitisha sumaku. Vinavyonata ni chuma cha cheni au cha krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Vile vya kung'aa visivyonata mara nyingi ni vya beringi, au ni alumini ya pistoni.

Doa chini ya gari

Fundi wa pili alilitumia doa langu kama ushahidi kwamba injini imekufa. Doa ni ushahidi, lakini wa nini?

Weka boksi lililokunjuliwa chini ya gari usiku mmoja, chora alama za matairi ili ujue mbele ni wapi. Rangi inajibu nusu ya swali. Kahawia au nyeusi ni oili ya injini. Nyekundu laini ni ya gia boksi ya otomatiki au ya usukani, na kwenye Toyota za miaka hiyo zote mbili hufanana. Pinki, nyekundu au kijani yenye utelezi wa maji ni kulanti. Manjano hafifu karibu na gurudumu ni oili ya breki, na hiyo ni ya leo, si ya kesho. Maji matupu mbele upande wa abiria baada ya kutumia AC si kitu.

Nusu nyingine ni ngumu zaidi, kwa sababu oili hushuka na upepo huisukuma nyuma. Inapodondokea sipo inapotokea. Linganisha hizi mbili. Oili kwenye maungio ya injini na gia boksi: inaweza kuwa sili ya nyuma ya krenki, kazi ya kushusha gia boksi, au inaweza kuwa gasketi ya tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini, imetiririka kwa nyuma ya injini, kazi ya nusu saa. Mtu akikuambia sili ya krenki, mwombe kwanza aoshe injini, akuruhusu uendeshe siku mbili, kisha mtazame pamoja sehemu ya juu kabisa yenye unyevu. Kama haionekani, kuna rangi ya kuchanganya na oili inayong'aa kwa taa ya zambarau. Hata unga wa mtoto unapulizwa kwenye chuma kikavu unaonyesha mstari.

Yangu ilikuwa upande wa mikanda, na nilikuwa nimeshaambiwa sili ya mbele ya krenki. Baada ya kuosha, unyevu ulianza juu zaidi, kwenye tenshona ya cheni, kifaa cha kuikaza cheni. Inashikwa na nati mbili, na ndani yake kuna oringi moja, pete ya raba, ambayo kwa umri huu inakuwa ngumu kama kitumbua cha juzi. Huu ni ugonjwa wa kawaida wa 1ZZ.

Sasa hapa uvujaji na uharibifu wa ndani vinakutana. Ringi zikipitisha gesi, presha inajaa kwenye sampu. Kazi ya kuitoa ni ya valvu ya PCV, inayoipumulisha sampu. Ikiziba kwa masizi, presha inatafuta njia kwenye kila sili dhaifu. Ukibadilisha sili bila kugusa PCV, baada ya miezi miwili unarudi gereji kugombana na fundi asiye na kosa. Itoe, itikise: lazima igonge ndani kama njuga. Yangu ilikuwa kimya.

Gasketi, ovahoo au mtumba

Kama vipimo vimesema gasketi, usikubali ifungwe kabla hedi haijawekewa rula ya chuma. Kikomo cha kupinda ni milimita 0.05, chembamba kuliko unywele. Na kama injini yako ni 1AZ au 2AZ, za Toyota pia, dai jambo moja zaidi: nyuzi za bolti za hedi kwenye bloku, hasa safu ya nyuma upande wa dashibodi. Bloku ni alumini, nyuzi huchomoka, hedi inainuka kidogo, maji yanatoka. Gasketi mpya juu ya nyuzi zilizokufa haikai. Tiba ni kuchimba na kuweka nyuzi za chuma, na si kila gereji ina vifaa hivyo.

Kama vimesema ringi, swali ni silinda ngapi na zimekwaruzwa kiasi gani. Kamera ndogo ya kuchomeka kwenye simu inaingia kwenye tundu la plagi na kukuonyesha ukuta. 1ZZ ina bloku ya alumini yenye mirija myembamba ya chuma ndani ya silinda, haikutengenezwa ichongwe kama injini za zamani za chuma kitupu. Ukuta ukiwa laini, ringi mpya na kusafisha pistoni kunatosha. Ukiwa na mifereji, ovahoo, yaani kuifumua na kuifanya upya, ni pesa ya kumwaga.

Injini ya mtumba ndiyo rahisi kuuziwa. Ila 1ZZ za mwanzo zilikuwa na matundu machache ya kurudisha oili kwenye pistoni, yakiziba ringi ya oili inaganda, na injini inakula oili hata kama haijawahi kuchemsha. Unaweza kutoa ugonjwa na kuingiza uleule, uliovuka bahari. Kama unaenda njia hiyo, ipimwe kompresheni ikiwa bado chini, kabla ya kulipa, kisha namba yake ukaibadilishe kwenye kadi ya gari TRA.

Mimi sikuchagua hata moja kati ya hizo tatu. Nilibadilisha pampu ya maji, mfuniko wa rejeta, oringi ya tenshona na PCV. Maji hayajapungua tena, Kitonga nimepanda mara mbili, sindano haikupita nusu. Oili bado inaliwa, sasa kama nusu lita kwa kilomita 1,000. Kwenye buti kuna dumu la lita nne, na kila Jumamosi kabla ya chai nachomoa kijiti na kuandika kwenye daftari lilelile. Silinda ya tatu tutaipima tena Disemba. Ikishuka chini ya 100, pistoni zitatoka.